Maswali Matano ya Babu: Jinsi Mashua ya Tanga Inavyotembea Pwani

Naandika makala haya nikiwa nyumbani Kyerwa, upande ule ambao ukipanda kilima asubuhi unauona Mto Kagera chini, umefunikwa na ukungu, na ng'ambo yake ni nchi ya watu wengine. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,400. Ukishuka kwenye basi miguu imevimba na kichwa bado kinayumba. Kwa hiyo wenzangu chuoni wanaponitania kwamba mtu wa Karagwe na Kyerwa anajua ndizi, kahawa na senene tu, lakini bahari aisikie redioni, huwa sibishani nao sana. Kiukweli, mpaka mwaka wa pili wa masomo nilikuwa sijawahi kupanda chombo chochote cha majini isipokuwa mtumbwi wa Babu.

Mwaka huu, kabla tu ya kurudi nyumbani, nilipanda mashua ya tanga kule Kilwa, nikalazwa kisiwani bila kupenda siku mbili kabla ya mtihani wa marudio. Kwa lugha yetu ya hosteli, nilikuwa na sapu ya takwimu Jumatatu saa 2 asubuhi, na Jumamosi usiku nilikuwa nimelala kwenye mkeka Songo Mnara, madaftari yangu yakiwa Kilwa Masoko. Nilimkasirikia nahodha kwa kiwango ambacho leo naona aibu kukitaja.

Nilipomsimulia Babu, nilitegemea anihurumie. Hakunihurumia. Alivuta kigoda, akaniuliza maswali matano, moja baada ya jingine, kama mhadhiri kwenye mtihani wa mdomo. Babu amevusha watu Kagera kwa mtumbwi tangu ujana wake, na bahari hajawahi kuiona. Nimeona niyaweke hapa maswali yake pamoja na majibu, maana wengi wetu likizo na fildi zinatupeleka pwani, tunapanda vyombo hivi kwa bei ya chakula cha mchana, na hatujui hata kinachotusukuma.

Swali la kwanza: Kuna tanga peke yake, nani anakisukuma chombo?

Mtumbwi wa Kagera unasukumwa na mtu. Kuna kafi, kuna pondo la kusukumia pale maji yanapokuwa mafupi, na kuna mkondo wa mto wenyewe. Gogo linachongwa kwa mfano uleule wa chombo kirefu tunachotengenezea rubisi, na mtu wa kwetu akikiona kimoja anakikumbuka kingine. Tanga halina kazi kubwa pale. Mto unapinda kila hatua, mafunjo yamesimama pande zote mbili, na upepo unaoushika sasa hivi utaupoteza kwenye kona inayofuata.

Mashua ya pwani ni kitu kingine. Haikuchongwa kwenye gogo. Imeundwa kwa mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma, yaani zile mbavu za ndani, na chini kabisa kuna mkuku, ule uti wa mgongo unaoshika chombo chote. Katikati ya mbao na mbao fundi anapiga kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inashindiliwa kwa patasi mpaka maji yakose pa kupita. Juu yake kuna mlingoti uliolala kidogo kuelekea mbele, na kwenye mlingoti unaning'inia mti mrefu wa mshazari uitwao foromali. Tanga, lenye umbo la pembetatu, limefungwa kwenye foromali hiyo.

Upepo ukitoka nyuma, mambo ni rahisi: tanga linajaa kama shuka lililoanikwa, chombo kinakwenda. Hapo hata Babu alitikisa kichwa kukubali. Alichotaka kujua hasa ni upepo wa pwani unatoka wapi, na je, unaaminika?

Jibu ni kwamba unaaminika kuliko wetu wa milimani. Pwani ya Afrika Mashariki ina pepo kuu mbili. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba, na inakuwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti. Katikati yake kuna vipindi vya upepo mwepesi usiotulia. Kalenda ya biashara ya Bahari ya Hindi ilijengwa juu ya pepo hizi kwa karne nyingi: majahazi yaliteremka na kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakarudi kwao na kusi. Aliyechelewa kuondoka alikaa miezi mpaka upepo ugeuke. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, naye alisafiri kwa ratiba hiyohiyo ya upepo.

Mbali na pepo hizo kuna pepo ndogo za kila siku. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko bahari, hivyo alfajiri hewa inatoka bara kwenda baharini. Wenyewe wanaiita umande. Mchana nchi inapata joto na upepo unageuka, unatoka baharini. Ndiyo maana msimu wa kusi nahodha anayetaka kwenda kusini haondoki saa 4 asubuhi baada ya chai. Anaondoka gizani, aule umande kabla kusi haijaamka. Sisi tulitoka Masoko saa 10 alfajiri, mbalamwezi ikiwaka, na nusu yetu tulikuwa tunalalamika kwa nini tumeamshwa.

Swali la pili: Na upepo ukikujia usoni?

Hili ndilo swali ambalo Babu aliliuliza kwa kejeli, akidhani amenikamata. Mtumbwi ukikutana na mkondo wa kukukabili, unainamisha mgongo na kupiga kafi. Tanga haliwezi kupiga kafi.

Ni kweli, hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Lakini kinaweza kwenda upande upande. Mabaharia wanaita kupiga bishi, na ukilitazama neno lenyewe utaona linafanana na kubisha: unabishana na upepo, huo unasema rudi, wewe unasema nakwenda. Chombo kinaelekezwa mshazari, upepo ukipiga upande mmoja wa mbele. Tanga linasukumwa pembeni, lakini mkuku na ubavu ulio ndani ya maji unakataa kwenda pembeni. Nguvu hizo mbili zikikutana, njia pekee inayobaki wazi kwa chombo ni mbele. Ukitaka mfano wa nyumbani, bana mbegu mbichi ya ndizi pori katikati ya vidole viwili: unaibana kwa pembeni, lakini yenyewe inachomoka kwa mbele.

Baada ya kwenda hivyo kwa muda, nahodha anageuza. Hapo ndipo kazi ilipo. Foromali haiwezi kubaki upande uleule. Inabidi izungushwe mbele ya mlingoti, ihamie upande wa pili pamoja na tanga lake, na watu wote wahame. Upande upepo unakotoka unaitwa joshini, upande unakoelekea unaitwa demani. Watu na mizigo wanakaa joshini ili chombo kisilale. Chombo kisicho na mzigo kinawekewa farumi, mifuko ya mchanga au mawe chini, kwa sababu hiyohiyo. Nilipokuwa nimekaa demani nikipiga picha, baharia mmoja kijana aliniambia kwa upole, "Kaka, hama, unatupindua." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Babu aliposikia habari ya kuhamisha uzito alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba hata Kagera ni hivyohivyo, na kwamba abiria anayesimama kutazama kiboko ndiye anayewaua wenzake kabla kiboko hajafika.

Swali la tatu: Mto una kingo mbili. Mnajuaje njia?

Niliposema "pwani", Babu aliona picha ya maji yasiyo na mwisho. Lakini safari ya mwambao si ya maji yasiyo na mwisho. Chombo kinatembea na nchi ubavuni, na hatari yenyewe iko kwenye hiyo nchi: miamba, mafungu ya mchanga, milango ya maji kati ya visiwa. Katikati ya kilindi hakuna cha kugonga.

Nahodha wetu hakuwa na ramani wala simu mkononi. Alikuwa na alama. Mnazi uliopinda ukilingana na mbuyu fulani nyuma yake, hapo uko katikati ya mlango. Ukiuona mbuyu umehamia kushoto kwa mnazi, umeanza kuusogelea mwamba. Hii ni hesabu ileile ya mistari miwili inayokatana tuliyofundishwa kidato cha pili, ila yeye anaifanya kwa miti. Rangi ya maji ni alama nyingine: buluu nzito ni kilindi, kijani kibichi ni mchanga karibu, kahawia ni mwamba au majani ya bahari. Inahitaji jua liwe juu na liwe nyuma yako au pembeni. Jua likiwa chini, mbele ya macho, bahari yote inakuwa kioo na mwamba haunekani. Usiku alama zinabaki chache, na mbalamwezi inakuwa nusu ya akili ya nahodha.

Nawaomba wasomaji waikumbuke habari hii ya mwanga, maana ndiyo iliyonilaza kisiwani.

Boti ya Kiingereza iliyofika Karagwe

Hapa Babu alinikatiza kusema kwamba kwa vyovyote vile, chombo cha tanga hakijawahi kufika kwetu. Nikapata nafasi ya kumfundisha na mimi kitu, japo kimoja.

Kilifika. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe, ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Walipoliona ziwa lililo chini ya vilima vile, Grant aliona linafanana na ziwa la kwao, wakaliita Windermere Ndogo, kana kwamba halikuwa na wenyewe. Miaka 15 baadaye, mwanzoni mwa 1876, akaja Henry Morton Stanley, na huyo alikuja na boti yake. Iliitwa Lady Alice. Iliundwa Teddington, kando ya Mto Thames, na fundi James Messenger: urefu wa karibu mita 12, makasia na tanga, na ilitengenezwa kwa vipande vitano ili iweze kufunguliwa na kubebwa. Vipande hivyo vilikuwa vizito mno kwa mabega ya watu, ikabidi vigawanywe tena Unguja kabla ya safari kuanza Bagamoyo mwezi Novemba 1874.

Kwa hiyo chombo kile kilichozunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875 kilitembea juu ya mabega ya wapagazi kabla ya kutembea juu ya maji. Na baada ya ziwa kubwa, kikabebwa tena mpaka Karagwe, kikaunganishwa, kikaingizwa kwenye lile ziwa la Bweranyange, kikashindanishwa na mitumbwi mbele ya Rumanyika, kisha Stanley akakitumia kuuchunguza Mto Kagera. Majina ya wapagazi wengi walioubeba ule mzigo hayajulikani kwa wasomaji. Jina la boti linajulikana.

Tusiisimulie kama hadithi tamu tu. Ni Stanley huyohuyo aliyegombana na watu wa kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kiko mkoani kwetu Kagera, na mwezi Agosti 1875 akarudi na kuwafyatulia risasi wakiwa ufukweni kwao. Aliandika mwenyewe habari hizo. Lady Alice iliachwa mwaka 1877 karibu na maporomoko ya Mto Kongo, ikaozea huko.

Babu alisikiliza yote. Alichouliza ni hiki tu: "Na walilipwa?" Akimaanisha wapagazi.

Swali la nne: Maji yanakwenda wapi yakiondoka?

Mto wetu unapanda na kushuka kwa majira. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha huku na kule Rwanda, maji yanajaa, kiangazi yanashuka. Babu hakuelewa ninaposema bahari inafanya hivyo mara mbili kwa siku.

Basi nikamweleza hivi. Mwezi, na kwa kiasi kidogo jua, vinavuta maji ya bahari. Dunia inapozunguka, kila sehemu ya pwani yetu inapata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50. Hizo dakika 50 ndizo zinazofanya kila siku maji yachelewe kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mwandamo au ukiwa umetimia, mwezi na jua vinavuta kwenye mstari mmoja, na tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa kubwa: huo ni wakati wa bamvua, na pwani yetu maji yanaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mvuto unapingana, tofauti inakuwa ndogo, na hayo ni maji mafu.

Jambo jingine ambalo mgeni halijui ni kwamba maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kujaa yanasitasita. Saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Ukigeuka kununua dafu, ukirudi ufuko umehamia mbali.

Sasa sikilizeni kilichotupata. Ilikuwa Agosti, mwezi 17, siku kama tatu baada ya kutimia. Maji yalijaa asubuhi kabla ya saa 1, yangepwa kabisa saa 7 mchana, na kujaa tena saa 1 jioni. Tulifika Songo Mnara saa 3 asubuhi, maji yakiwa yameshaanza kukimbia. Nahodha alituingiza kwenye mikoko, akatushusha, akasema maneno machache: "Wanangu, nusu saa. Ikizidi hapo, mashua inakaa." Akaongeza kwamba mwenye kutaka kuona zaidi aseme sasa, aisogeze mashua kwenye maji mengi, nasi tutatembea kwenye tope kuirudia. Tukasema hapana, nusu saa inatosha.

Mji wa Songo Mnara hautoshi kwa nusu saa. Ni magofu ya mawe ya matumbawe, ya karne ya 14 hadi ya 16: nyumba zenye vyumba ndani ya vyumba, misikiti, jumba kubwa, makaburi. Pamoja na Kilwa Kisiwani ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Tulikuwa wanane, wengi wetu wa historia na jiografia. Mmoja anapima ukuta, mwingine anapiga picha, wa tatu anabishana na wa nne kuhusu mihrabu. Nilitazama saa mara moja na nikajiambia nusu saa ya pwani ni kama nusu saa ya mkutano wa wanafunzi. Tulirudi saa 6 mchana.

Mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, na maji yalikuwa hayaonekani tena pale. Nahodha alikuwa amelala kivulini, kofia usoni. Hakutugombeza. Alisema tu, "Shikamooni nyinyi."

Swali la tano: Maji yalirudi. Kwa nini hamkuondoka?

Hili lilikuwa swali langu pia siku ile, na nililiuliza kwa sauti ya juu. Mashua iliyokwama maji yakiwa yanashuka itaelea tena maji yakifika kimo kilekile yakiwa yanapanda. Ilikwama saa 3 na nusu, yaani saa tatu na nusu kabla ya kupwa kabisa. Kwa hesabu hiyo itaelea saa tatu na nusu baada ya kupwa: saa 10 na nusu jioni. Na kweli, saa 10 na nusu ilianza kutikisika. Nikachukua begi langu. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma sawasawa, na Masoko iko kaskazini. Upepo nyuma, chombo kinaelea, mimi nina sapu. Kuna nini tena?

Nahodha akasema tunalala.

Nilimwambia, kwa maneno ambayo Babu aliniamuru niyarudie na nikashindwa, kwamba yeye amelipwa kuturudisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akahesabu kwa vidole. Safari ni saa tatu. Jua linazama saa 12 na robo, mwanga wa kuona miamba hautufiki saa mbili. Kwa hiyo saa nzima ya mwisho, ile ya kuingia bandarini, tutaifanya gizani.

Nikamwambia alfajiri tulitembea gizani. Akasema alfajiri kulikuwa na mwezi. Leo mwezi unatoka saa 2 na nusu usiku, maana mwezi ukishatimia unachelewa kutoka kila siku.

Nikamwambia basi tusubiri mwezi utoke, twende saa 2 na nusu. Hapo akatabasamu, nadhani aliona naanza kufikiri. Akasema saa hiyo maji yatakuwa yameshajaa na yanatoka. Mlangoni, maji yanayotoka yataelekea baharini, na kusi itakuwa inavuma kutoka baharini. Maji yanasukuma kwenda huko, upepo unasukuma kuja huku, na vikikutana mawimbi hayatembei tena kama mawimbi, yanasimama wima kama ngazi. Mashua yenye watu wanane wasiojua kuogelea haipandi ngazi hizo usiku. Kabla ya hapo hakuna mwanga, baada ya hapo hakuna maji. Asubuhi kuna vyote viwili na upepo mpole.

Wala hakunipa methali. Alinipa hesabu, na hesabu hiyo haikuwa na kosa. Mimi mwenye sapu ya takwimu ndiye niliyekuwa nataka kuondoka kwa sababu tu nilitaka kuondoka.

Tulilala kwa wenyeji kijijini, tukala wali wa nazi na samaki. Saa 12 na nusu asubuhi tukang'oa nanga, na kabla ya saa 4 tulikuwa Masoko. Basi la asubuhi lilikuwa limeondoka. Tulipata gari la mchana, tukafika Dar usiku. Nilisoma mpaka saa 8, nikaingia kwenye mtihani macho mekundu. Nimepata C. Kwa sapu, ndugu zangu, C ni sherehe.

Kabla hujapanda

Sisi watu wa Kagera tuna kidonda chetu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 800 wakafa. Wengi wetu tunaosoma sasa tulikuwa hatujazaliwa, lakini tumekua tukisikia majina. Mama yangu hajapanda chombo cha maji tangu mwaka ule, na sikumwambia kuhusu Kilwa mpaka niliporudi salama. Hakuna kati yetu anayehitaji kuambiwa maji yanaweza kufanya nini. Tunahitaji kuambiwa cha kuuliza.

Basi uliza haya. Maboya ya kujiokolea yapo, na ni mangapi ukilinganisha na vichwa? Chombo kimesajiliwa? Vyombo vidogo vinasimamiwa na TASAC, na namba yake inatakiwa kuonekana. Mamlaka ya Hali ya Hewa imesema nini leo kuhusu upepo na mawimbi? Maji yanajaa saa ngapi, na tutakuwa wapi saa hiyo? Nahodha mzuri hakasiriki ukimuuliza hili la mwisho. Anafurahi, kwa sababu ni mara chache abiria anauliza. Na akikwambia nusu saa, ni nusu saa. Akikwambia tunalala, tandika mkeka.

Nilipomaliza, Babu alikaa kimya kwa muda. Kisha akanisimulia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake. Alipokuwa kijana, mto ukiwa umejaa, mwenye mzigo alimharakisha. Alimwambia asubiri mpaka kesho maji yatulie, yule mtu akaongeza pesa. Babu akakubali. Katikati ya mto mtumbwi ukapigwa na gogo lililokuwa linashuka na mkondo. Wao wawili waliyashika mafunjo wakapona. Magunia mawili ya kahawa yalikwenda na mto.

Nilimuuliza yale magunia yalikuwa yanaelekea upande gani wa mpaka. Babu alicheka, akasema nimpelekee kigoda ndani, umande umeanza kushuka.